Mfundishe Mtoto Asingoje Kuambiwa

Tetemeko la ardhi lililoipiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016 lilitokea siku ya Jumamosi, yapata saa tisa na nusu alasiri. Ukubwa wake ulikuwa 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki, zaidi ya 200 walijeruhiwa, na nyumba nyingi sana zilianguka au kupasuka kuta. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikalazimika kufungwa, kisha zikajengwa upya. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukoba, na tangu siku ile najiuliza: ingekuwa Jumatatu asubuhi je? Watoto wa darasa la tatu, wamekaa watatu watatu kwenye dawati, wangefanya nini kabla sijafungua mdomo?

Jibu ninalo. Wangenitazama mimi.

Ndivyo tulivyowalea. Mtoto mwenye adabu hanyanyuki mpaka aruhusiwe, hasemi mpaka aulizwe, hatoki darasani bila kunyoosha kidole. Adabu hiyo naipenda na ninaifundisha kila siku. Lakini mtikisiko wa ardhi kwa kawaida huisha kabla ya dakika moja kutimia, na katika sekunde hizo mwalimu anaweza kuwa ofisini, au ameumia, au amepigwa na butwaa. Tena sisi wa huku tunajua jambo jingine: mvua ya Kagera ikishika juu ya bati, mwalimu anaweza kupaza sauti mpaka ikakauka na mtoto wa dawati la nyuma asisikie neno. Maarifa yanayotegemea sauti ya mwalimu peke yake hayatoshi.

Kwa hiyo mtoto tunayetaka kumwandaa kwa dharura tumpe vitu viwili. Kwanza, mwili wake uwe umeshazoea la kufanya. Pili, awe amepewa ruhusa mapema, mbele ya wenzake, kwamba siku hiyo asingoje kuambiwa. La kwanza shule nyingi zinalijaribu. La pili tunalisahau, na ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Walichotuonyesha watoto wa Kamaishi

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa lilipiga pwani ya mashariki ya Japani, na baada yake likaja wimbi la tsunami. Katika mji wa Kamaishi kulikuwa na shule mbili jirani, ya msingi ya Unosumai na ya sekondari ya chini ya Kamaishi Mashariki. Kwa miaka kadhaa watoto wa mji huo walikuwa wamefundishwa na mtaalamu wa maafa aitwaye Toshitaka Katada. Kanuni zake zilikuwa tatu: usiamini kwamba hatari itaishia pale ramani ilipochora, fanya kila unaloweza, na uwe wa kwanza kukimbia ili wengine wakufuate.

Siku ile wanafunzi wa sekondari walitoka mbio kuelekea mlimani. Wadogo wa shule ya msingi walikuwa wamepandishwa ghorofa ya juu ya jengo lao. Walipowaona kaka na dada zao wanakimbia, nao wakateremka na kuwafuata. Wakubwa waliwashika wadogo mikono. Walifika mahali palipopangwa kuwa salama, wakaona hapafai, wakaendelea kupanda. Wimbi lilizifunika shule zote mbili, lakini watoto walikuwa wameshafika juu. Katika mji mzima karibu wanafunzi 3,000 walinusurika.

Siku hiyohiyo, katika shule ya msingi ya Okawa mjini Ishinomaki, watoto walikusanywa uwanjani. Walikaa pale takribani dakika 50 huku watu wazima wakishauriana waende wapi, na nyuma ya shule kulikuwa na kilima. Watoto 74 na walimu 10 walipoteza maisha. Sisemi hivi kuwalaumu marehemu. Nasema kwa sababu watoto wa Okawa walikuwa watiifu, na utii wao ulikuwa umefungwa kwenye uamuzi wa watu wazima ambao hawakuwa wameamua mapema.

Kagera hatuna bahari, lakini tuna mengine. Mkoa wetu uko karibu na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, kwa hiyo matetemeko hayatakwisha. Eneo hili la Ziwa Victoria lina radi nyingi kupita sehemu nyingi za dunia. Ziwa lenyewe lipo, mabweni yapo, na maradhi yapo. Kila moja lina somo lake, na kila somo linaweza kufundishwa bila gharama.

Ardhi ikitikisika

Somo hili nalifanyia darasani, dakika chache baada ya mchakamchaka, wakati damu inachemka na akili zimeamka. Nauliza, "Ardhi ikitikisika?" Darasa linaitikia, "Inama! Jikinge! Shikilia!" na kila mtoto anafanya anachokisema. Anashuka kwa magoti, anaingiza kichwa na shingo chini ya dawati, anashika mguu wa dawati kwa mkono mmoja. Ambaye hakupata nafasi anajikunja kando ya dawati na kufunika kichwa kwa mikono, mbali na dirisha na kabati. Mtikisiko ukiisha, ndipo tunatoka.

Baadaye nafanya zoezi lilelile bila kuuliza swali. Nageukia ubao, nagonga meza kwa mfululizo, basi. Ninataka kuona nani atainama bila kunitazama. Mara za mwanzo huwa wanatazamana na kucheka. Wakilirudia mara kwa mara, kicheko kinakwisha na miili inatii yenyewe. Hapo najua somo limeingia.

Nyumbani mambo hubadilika kidogo, na mtoto lazima aelezwe. Nyumba nyingi za vijijini kwetu ni za matofali ya udongo, na ukuta wa namna hiyo ukianguka huanguka mzima. Mtoto aliye hatua chache kutoka mlangoni, katika nyumba ya chini, atoke upesi aende mahali pa wazi ndani ya kibanja, mbali na ukuta, mbali na nguzo za umeme. Aliye ndani zaidi asikimbilie mlango ulio mbali, ajikinge palepale. Shuleni nawapeleka nje na kuwaonyesha ile sehemu ya juu ya ukuta wa mwisho wa jengo, yenye umbo la pembetatu inayoshika paa. Hiyo ndiyo huwa ya kwanza kudondoka. Watoto wangu hawasimami chini yake hata wakati wa mapumziko.

Kutoka bila kusukumana

Tarehe 3 Februari 2020, katika shule moja ya msingi mjini Kakamega, Kenya, wanafunzi wasiopungua 14 walifariki kwa kukanyagana kwenye ngazi wakati wa kutoka. Hapakuwa na moto wala tetemeko. Kutoka kwenyewe kulitosha kuua.

Ndiyo maana kutoka ni somo linalojitegemea. Shule za Japani zina makatazo manne ambayo mtoto wa darasa la kwanza anayajua kwa moyo: usisukume, usikimbie, usizungumze, usirudi. La nne ndilo gumu kwa watoto wetu. Mtoto anajua mama amehangaika kununua begi na sweta, na anaogopa kurudi nyumbani bila vitu hivyo. Kwa hiyo katika kikao cha wazazi huwa nawaomba wazazi waseme kwa vinywa vyao wenyewe, mbele ya watoto: "Begi liache. Nitanunua jingine." Maneno hayo yakitoka kwa mwalimu yana uzito wa nusu. Yakitoka kwa baba na mama yanamfungua mtoto.

Kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Ya vipindi hugongwa polepole, ya dharura hugongwa haraka bila kukoma. Kwa mtoto asiyesikia tunapeperusha kitambaa chekundu, na kila mtoto mwenye ulemavu ana wenzake wawili, waliochaguliwa pamoja naye, wa kutoka naye. Wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa hakuja shule siku hiyo. Mahali pa kukusanyikia ni uwanja wa mpira, kila darasa na mstari wake, na mwalimu anatoka na daftari la mahudhurio mkononi. Bila daftari hilo huwezi kujua nani amebaki ndani.

Moto una sheria zake za ziada. Moshi huua kabla ya miali kufika, na hewa safi hubaki chini, kwa hiyo mtoto atambae. Mlango uliofungwa auguse kwa nyuma ya kiganja, na ukiwa wa moto asiufungue. Nguo ikishika moto asikimbie: asimame, alale chini, afunike uso, abingirike. Haya yote tunayafanya kwenye nyasi, na watoto wanayafurahia kuliko mpira.

Lakini kuna mahali ambapo mafunzo ya mtoto hayafui dafu, na hapo lazima watu wazima tuambiane ukweli. Tarehe 14 Septemba 2020, usiku, bweni la shule moja ya msingi wilayani Kyerwa, mkoani mwetu, liliungua na watoto 10 wakafa. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unakataza nondo kwenye madirisha ya bweni na unataka milango ifunguke kwa nje. Huwezi kumfundisha mtoto kutoka dirishani kisha ukamfungia dirisha hilo kwa chuma. Mzazi anayempeleka mwanawe bweni ana haki ya kuingia, kuangalia dirisha, kuuliza nani anashika ufunguo usiku na analala wapi. Aulize kabla hajalipa ada.

Radi na ziwa

Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi 6 wa shule ya msingi mkoani Geita, majirani zetu. Watu wanapozungumza juu ya radi huku kwetu, mara nyingi hutafuta mchawi. Mimi nawafundisha watoto kuhesabu. Mwanga wa radi huonekana papo hapo, lakini sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mwanga na ngurumo ni kilomita moja hivi. Mtoto anahesabu, "mia na moja, mia na mbili, mia na tatu," kwani kila moja huchukua karibu sekunde moja kuitamka. Ngurumo ikisikika kabla hajafika mia na thelathini, radi iko karibu kiasi cha kuua. Aache mpira, atoke majini, asijikinge chini ya mti, aingie kwenye jengo kubwa au gari lililofungwa. Ndani akae mbali na ukuta, mlango wa chuma na nyaya. Asitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

Hapa pia ruhusa ni jambo la msingi. Mtoto aliyetumwa kuleta maji au kuni, mawingu yakafunga akiwa njiani, ataendelea tu kwa sababu anaogopa kurudi mikono mitupu. Mzazi amwambie waziwazi: ukisikia ngurumo, ingia nyumba ya jirani yeyote, na hutagombezwa kwa kuchelewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa rangi, njano kwa angalizo, chungwa kwa tahadhari, nyekundu kwa tahadhari kubwa. Darasani tuna kadi tatu za rangi hizo, na kiranja anayesikiliza redio asubuhi hubandika kadi ya siku. Watoto hutangaza rangi hiyo nyumbani, na wapo wazazi ambao wamejua maana ya rangi hizo kutoka kwa wanao.

Kuhusu ziwa, mji huu hauhitaji kukumbushwa. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa safarini kwenda Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakapotea. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wetu wa ndege. Watu 19 walifariki na 24 walipona. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Katika dharura nyingi mwokozi wa kwanza ni aliye jirani, na mtoto akue akijua hivyo.

Hata hivyo, jirani mwenye umri wa miaka tisa asiingie majini. Watoto wengi huzama wakimfuata mwenzao, kwani anayezama humshika na kumdidimiza anayemsaidia. Somo letu ni fupi: mtupie, usimfuate. Dumu tupu la lita 20, likifungwa kifuniko vizuri, linamwelesha mtu. Kamba, tawi, hata khanga ndefu vinafaa, mradi mwokoaji alale kifudifudi ufukweni asije akavutwa. Kisha apige yowe, na yowe lisiwe la mchezo hata siku moja. Tunalifanyia zoezi nchi kavu, mmoja akijifanya anazama, wenzake wakimtupia dumu mpaka waizoee shabaha.

Mkono usiotolewa

Tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umeingia nchini kwa mara ya kwanza, hapa hapa Kagera. Watu 9 waliugua na 6 wakafariki, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Tulifundisha kunawa mikono, kutogusa mgonjwa, kutoa taarifa mapema. Kigumu zaidi hakikuwa sabuni. Kilikuwa salamu.

Mtoto wa Kihaya hupiga magoti akimsalimia mkubwa na kupokea mkono wake kwa heshima. Ukimwambia asitoe mkono, umemwambia awe mkosefu wa adabu, na hawezi kubeba mzigo huo peke yake. Bibi mmoja aliyekuja shuleni alinipa suluhisho. Alipopiga hatua ndani ya darasa, aliunganisha viganja vyake kifuani, akawaambia, "Wajukuu zangu, nimepokea heshima yenu kutoka huko huko mlipo." Watoto walipumua. Aliyewafungulia mlango alikuwa mwenye kustahili heshima yenyewe, na kuanzia hapo waliweza kusalimia vile popote.

Simu, jina na nyumbani

Mtoto wa darasa la kwanza anaweza kushika kichwani namba ya simu ya mzazi ikitiwa kwenye wimbo. Ajue pia 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na 116 ya kumsaidia mtoto. Zaidi ya namba, ajifunze kusema: jina lake, yuko mtaa au kijiji gani, karibu na nini kinachojulikana, limetokea nini, wangapi wameumia. Tena asikate simu mpaka aambiwe. Tunatumia simu ya udongo wa mfinyanzi, mtoto mmoja akipiga, mwingine akipokea, na tunagundua kwamba wengi hawajui jina la mtaa wao. Pasipo na simu au mtandao ukikatika, ajue nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji.

Nyumbani familia ikubaliane mahali pamoja pa kukutana ikiwa watu watatawanyika, na nani hasa ataruhusiwa kumchukua mtoto shuleni. Karibu na mlango uning'inizwe mfuko wa nailoni wenye tochi, filimbi, nakala za vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki, dawa za mtu anayetumia dawa kila siku, na kando yake dumu la maji safi. Kazi ya kukagua mfuko huo kila mwisho wa mwezi apewe mtoto. Ataifanya kwa uaminifu kuliko sisi.

Kuhusu woga

Wazazi huniuliza kama sitawatia watoto hofu. Hofu wanayo tayari. Baada ya tetemeko la 2016 kulikuwa na watoto waliokataa kuingia darasani na wengine walioshtuka kila lori lilipopita. Mtoto anayejua kuna hatari lakini hajui la kufanya ndiye anayeogopa usiku. Kwa hiyo sisimulii habari za vifo kwa darasa la kwanza, wala sionyeshi picha za majeneza. Nasema ukweli kwa kipimo cha umri wao, na kila ninapotaja hatari, sentensi inayofuata inataja kitendo. Baada ya zoezi nawaacha wachore na kuuliza maswali, kisha tunacheza. Mtoto anayeendelea kuota vibaya au kujikojolea baada ya maafa asichekwe. Aketi na mtu anayempenda, arudishiwe ratiba yake ya kila siku, na hali ikiendelea apelekwe kwenye kituo cha afya.

Mwalimu mwenzangu, usingoje mradi wala semina. Somo hili lina nafasi katika Sayansi, katika Jiografia na Mazingira, katika skauti, hata katika mchakamchaka. Wiki ijayo tembea na darasa lako kuzunguka shule, wakuonyeshe wao wenyewe kilicho hatari: ukuta uliopasuka, shimo lisilofunikwa, waya uliolegea. Andika orodha, ipeleke kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule. Chagua hatari moja, ile iliyo karibu zaidi nanyi, na muifanyie zoezi mpaka waweze bila wewe.

Na wewe mzazi, leo jioni mkiwa mnakula, mtazame mwanao machoni umwambie kwamba siku ya hatari ana ruhusa yako: ya kukimbia bila kungoja, ya kuacha begi, ya kuingia kwa jirani, ya kupiga yowe. Mwambie tena wiki ijayo. Kisha mwambie akuonyeshe atakavyofanya, nawe ufanye pamoja naye, kwa sababu mtoto huamini ruhusa aliyoiona ikitendwa na mkubwa wake.